Mama mkwe anatuwekea jiko la mkaa chumbani usiku. Mwaka huu nisiende Njombe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Dar es Salaam. Mkubwa yuko darasa la sita, wa kati darasa la pili, na kitinda mimba ndiyo kwanza anatimiza miezi tisa. Kwetu ni Tanga, mume wangu ni Mbena wa Njombe. Kila shule zikifungwa mwezi wa sita tunafunga mizigo kwenda kwa bibi yao, na tunarudi likizo ikikaribia kwisha.

Shangazi, usije ukadhani naichukia ukweni. Mama mkwe ananipenda na mimi nampenda. Nilipojifungua huyu wa mwisho alinitumia gunia la viazi na ndoo ya maharage kwa basi, na kila wiki alikuwa anapiga simu kuuliza kama maziwa yanatoka. Tatizo ni hiyo safari yenyewe na maisha ya kule kwenye kipindi cha baridi.

Watu wa huku ukiwaambia baridi wanafikiria ile ya kuzima feni na kuvuta shuka. Njombe mwezi wa saba unafungua mlango asubuhi unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani, na maji ya kwenye ndoo yanachoma mkono. Nepi za mtoto zinakaa kwenye kamba hadi zinanuka bila kukauka. Mimi ndiye mkwe, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe jikoni, na jiko lenyewe ni la kuni, liko nyuma ya nyumba. Nakaa humo na moshi machoni, mtoto mgongoni. Mume wangu akishafika kwao basi, simwoni tena. Mchana yuko shambani na kaka zake kuangalia miti, jioni wako kilabuni kwenye pombe.

Halafu kuna hela. Nauli ya watu wazima wawili na watoto, sukari, mchele, vitenge vya mawifi, sabuni, na tukifika kila mtu anajua watu wa Dar wana hela. Tukirudi tunakuta ada ya muhula inatungoja.

Mwaka jana tulilala chumba kimoja wote, na tulikuwa na mpwa wa mume wangu pia. Mama kwa huruma yake akaleta jiko la mkaa, mkaa umekolea mwekundu, akaliweka katikati ya chumba, akafunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa kipande cha blanketi ili joto lisitoke. Akaweka na beseni la maji pembeni, akasema hilo linavuta ubaya wote. Kweli tulilala joto. Asubuhi mtoto wa kati akaamka analia kichwa, akatapika mara mbili. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kizito kama nimepigwa. Wakasema ni uchovu wa safari na kubadilisha hali ya hewa, na kweli mchana mtoto alikuwa anacheza. Usiku wa pili nikaomba jiko litolewe, maana niliwahi kusikia kwamba si zuri. Mama akanyamaza kimya. Kesho yake wifi akaniambia jikoni, mbele ya watu, kwamba mama amelea watoto wake wote na moto ndani ya nyumba, hakuna aliyekufa, ila mke wa Pwani ndiye anaona nyumba ya watu haifai. Mume nikimweleza anasema nivumilie, nisimuudhi mama yake, ni wiki chache tu.

Sasa mwezi wa sita huo unakuja. Nimemwambia mwaka huu aende yeye na hao wakubwa wawili, mimi nibaki na mtoto mchanga hadi akue kidogo. Amekasirika, anasema namtenga na ndugu zake. Tangu hapo tunaongea mambo ya nyumbani tu, gesi imeisha, luku ya umeme imeisha. Nifanye nini Shangazi? Nikatae safari, au niende nikavumilie?

Mama wa Watatu, Tabata

MAJIBU

Marahaba mwanangu.

Umeniandikia kuhusu nauli, moshi wa jikoni, maneno ya wifi na mume anayepotelea kilabuni. Yote nimeyasoma na nitayafikia. Lakini katikati ya barua yako kuna mistari michache ambayo umeipitia haraka, nami imenifanya nisimame: mtoto aliamka na kichwa akatapika, wewe mwenyewe kichwa kizito, na kufika mchana kila mtu yuko sawa. Uchovu wa safari humkuta mmoja, mwingine ukamwacha, na hauondoki kwa kutoka nje kuota jua. Dalili hizo kwa watu waliolala chumba kimoja na jiko la mkaa, madirisha yamefungwa na mlango umezibwa, zinaelekea kwenye sumu ya mkaa. Nakuandikia nikishukuru Mungu kwamba mliamka wote.

Naomba nieleze jinsi inavyofanya kazi, na umsomee mume wako sehemu hii hata kama mmenuniana. Mkaa unapoungua hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho wala koo, kwa hiyo mtu aliyelala hana cha kumwamsha. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushikamana na sehemu ileile inayobeba oksijeni, na inashikamana kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka lakini haifikishi kitu kwenye ubongo na moyo. Kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, halafu mwili unalegea na usingizi unakuwa mzito. Anayefika hapo hana tena nguvu ya kunyanyuka kufungua mlango, hata akijua kwamba anakufa. Watoto wanapumua haraka kuliko sisi, ndiyo maana wanaanza wao. Kwa sababu hiyo wa darasa la pili alitapika, wewe ukaishia kichwa kizito.

Watu wengi, na wala si wa Njombe peke yao, wanaamini kwamba hatari iko kwenye moshi, kwa hiyo mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu hauna neno. Hapo ndipo panapoua. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kuitoa hewa hiyo hadi unazimika, na ukiufunika kwa majivu ili ukae hadi asubuhi unaungua kwa hewa kidogo, hali ambayo inazidisha sumu. Beseni la maji halifanyi lolote, kwa sababu hewa hiyo haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukusaidia. Dirisha lililoachwa wazi kidogo linapunguza hatari, ila si jambo la kulitegemea mtoto akilala.

Wifi yako alisema kwamba mama amelea watoto wote na moto ndani, na hakuna aliyekufa. Mwanangu, hilo usilibishie, maana inawezekana ni kweli kabisa. Nyumba aliyolelea watoto wake ilikuwa ya namna gani? Nyanda za juu kusini nyumba za zamani zilikuwa za nyasi juu, kuta za udongo au matofali mabichi, na penye paa palikuwa na nafasi ambayo moshi unatokea. Moto uliwaka katikati na nyumba ilipumua. Leo vijana wamepata hela ya mbao na parachichi, wamemjengea mama nyumba ya matofali ya kuchoma, bati, dari la jipsamu na madirisha ya aluminiamu yanayofunga sawasawa. Ni nyumba nzuri na ni heshima kwa mama. Lakini desturi ya moto imehamia humo ilhali matundu hayakuhamia, na huyo mama akiziba na chini ya mlango, hewa haina pa kutokea. Mama mkwe wako hajakosa akili. Nyumba imebadilika na hakuna aliyemwambia.

Nakuomba uone kitu kingine. Ukikataa safari, wewe na mtoto mchanga mtakuwa salama Tabata. Wale wawili wakubwa watakwenda na baba ambaye mpaka sasa anasema wavumilie, watalala chumba kilekile, jiko lilelile, na safari hii hakutakuwa na mtu wa kuomba litolewe. Huyo mpwa naye atakuwepo. Na mama mkwe mwenyewe, ambaye unampenda, analala na jiko hilo kila usiku wa baridi, ninyi mkiwepo au msipokuwepo. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usikatae, na usiende kuvumilia pia. Suala la jiko limalizwe kabla hujafunga begi.

Anayepaswa kulimaliza ni mumeo. Mkwe akisema "toeni jiko" usiku wa kwanza, mlangoni, mtoto analia na mama ameshika koleo, maneno hayo yatasikika kama dharau hata uyaseme kwa upole wa namna gani. Mtoto wa kuzaa akisema kwa simu wiki mbili kabla, ni mazungumzo ya nyumbani. Najua unaona mume hatakubali, kwa hiyo nikupe njia. Mtoto wako anatimiza miezi tisa, maana yake ana kliniki ya chanjo ya surua na rubella. Mwombe baba yake awasindikize siku hiyo. Mkiwa mbele ya nesi, wewe uliza tu: tunasafiri kwenda sehemu ya baridi, tukilala na jiko la mkaa chumbani kuna tatizo? Kisha nyamaza umwache nesi aongee. Mume akilisikia kwa mtaalamu, halitakuwa tena neno la mke dhidi ya mama.

Akishakubali, ampigie mama yake mwenyewe, na aanze na nyumba. Anaweza kusema hivi: "Mama shikamoo. Tumempeleka mtoto kliniki, wametuambia jiko la mkaa ndani ya nyumba hizi mpya linatoa sumu usiku, zile za zamani zilikuwa na matundu, hizi tulizojenga zinafunga mno. Nimeogopa, nimekufikiria na wewe unavyolala peke yako. Tunakuja na blanketi, na lako limo. Tukifika usituwekee jiko, na wewe naomba usilale nalo." Kama kuna baba mdogo au kaka mkubwa ambaye mama humsikiliza, mumeo ampigie huyo kwanza.

Ila huwezi kumwondolea mtu joto bila kumpa joto jingine. Hela ambayo ingekwenda kwenye vitenge vya mawifi, mwaka huu inunue blanketi nzito. Mitumba zinapatikana nzuri tu kwa bei ya kuelewana, na la mama liwe zito kuliko yote na umkabidhi wewe kwa mikono yako. Nunua na ile mifuko ya mpira ya kuweka maji ya moto, inauzwa kwenye maduka ya dawa. Jaza maji ambayo hayachemki, funga kizibo ujaribu kukigeuza chini juu, vika kwenye soksi au kitambaa na uweke miguuni mwa kitanda kabla watoto hawajapanda. Kwa mtoto mchanga tumia kupasha kitanda tu, kisha toa kabla ya kumlaza. Chini ya godoro tandika maboksi yaliyokunjuliwa au mkeka mnene, kwa sababu baridi nyingi inapanda kutoka kwenye sakafu ya saruji na watu huhangaika kujifunika juu peke yake. Wakubwa wawili walale kitanda kimoja, soksi na kofia za sufu vichwani, wakiwa wamekunywa uji wa moto.

Chumba pia kinaweza kupashwa jioni mapema, mkiwa macho, mlango na dirisha vikiwa wazi, na jiko likatolewa nje kabisa, wala si ukumbini, kabla hata mtu mmoja hajalala. Likishatoka, acha hewa izunguke kidogo ndipo mfunge. Joto la kuta litabaki kwa muda. Mama ataona kwamba jiko lake halijafukuzwa, limebadilishiwa saa.

Mtoto wa miezi tisa mvalishe nguo nyepesi kadhaa juu ya nyingine, zinashika joto kuliko sweta moja nene. Blanketi liishie kifuani, lisimfunike uso, na asilale na mto. Mikono yake itakuwa ya baridi na utaogopa. Mguse kifua au shingo kwa nyuma, pakiwa na joto yuko sawa, pakiwa na jasho umemzidishia.

Ikitokea, Mungu aepushe, mtu akaamka na kichwa, kichefuchefu au amelegea, na palikuwa na jiko ndani: watoeni wote nje hapohapo, hata kama nje kuna baridi ya kutetemesha, fungueni milango, jiko litoke, na waliougua wapelekwe hospitali. Hata wakionekana wamepata nafuu, hewa hiyo inachukua saa kadhaa kutoka kwenye damu, na hospitali ndiko kwenye oksijeni. Mkifika semeni wazi kwamba mlilala na mkaa. Mtoto aliyetoka Dar akitapika watampima malaria, na wapime, lakini bila ninyi kutaja jiko wanaweza wasilifikirie.

Sasa hayo mengine.

Moshi wa jikoni: mtoto wa miezi tisa hana haja ya kuwa mgongoni mwako mbele ya moto wa kuni. Kifua chake bado kichanga. Mkabidhi bibi yake wakati unapika. Bibi amekaa miezi yote hii hajamshika mjukuu huyu, atafurahi, na wewe utapata mikono miwili. Kuamka saa kumi na moja sitakudanganya kwamba utaukwepa, ukweni ni ukweni, ila hakuna sheria ya Kibena wala ya Kitanga inayomzuia mumeo kupasua kuni na kujaza ndoo kabla hajaenda kwenye miti yake. Mwombe hilo mapema, muda mtulivu, mkiwa Tabata. Ukimwambia kwa hasira akirudi kilabuni hutapata kitu.

Nauli: kateni tiketi mapema, maana shule zikifungwa mabasi ya kusini yanajaa, na angalieni nauli elekezi za LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, msije mkaongezewa stendi. Pandeni basi la alfajiri. Na nguo za baridi zisiwekwe kwenye buti. Weka masweta, soksi na blanketi la mtoto kwenye begi la mkononi, kwa sababu Morogoro na Mikumi mtakuwa mnajipepea, mkishapanda mlima wa Kitonga hali inaanza kugeuka, na mkifika Makambako jioni upepo wake unapenya kila kitu wakati mizigo yenu bado iko chini ya basi. Mambo ya zawadi, mpange kiasi na mumeo kabla, kikiisha kimeisha, na yeye ndiye awaambie ndugu zake.

Kuhusu siku: hakuna ulazima wa kumaliza likizo nzima kule. Wiki mbili zenye amani zinatosha kwa mwaka ambao una mtoto mchanga, na mama mkwe anaweza kuja Dar mwezi wa nane kuota joto na kumlea mjukuu wake. Mpe mumeo wazo hilo kama lake. Kama kilichomuumiza ni kuona unamtenga na watu wake, akisikia unamwalika mama yake nyumbani kwako, huko kununa kutaanza kulegea.

Wifi mwachie kwanza. Alisema alichosema akimtetea mama yake, na alikuwa hajui alichokuwa anatetea. Mtakapokuwa mnamenya viazi, mweleze yeye pia habari ya mkaa, polepole, bila kurudia maneno ya mwaka jana. Ana watoto na analala nyumba kama hiyohiyo.

Na kama mume atagoma kabisa kumpigia mama? Basi piga wewe, na usimshtaki mumeo. Mwambie mama kwamba mwaka jana mtoto alitapika baada ya usiku ule, kwamba umeuliza kliniki, na kwamba unamwogopea yeye pamoja na watoto. Mama aliyetuma gunia la viazi kwa ajili ya mkwe aliyejifungua atakusikiliza. Mkifika na usiku jiko likaletwa bado, kwa mazoea tu, pokea kwa mikono miwili, sema asante mama, waache watoto wapashe mikono mlango ukiwa wazi, kisha ulitoe nje wewe mwenyewe kabla hawajapanda kitandani. Mama akinuna, muombe radhi asubuhi. Jiko lisilale humo.

Tarehe ya kliniki iko kwenye kadi ya mtoto. Iangalie leo, umwambie baba yake.

Shangazi